Msaada: Kinanda cha kwaya kimechomekwa adapta isiyo yake, hakiwaki

MpigaNoti · Jumamosi 21:47

Wakuu habari za usiku. Naenda moja kwa moja kwenye mada, maana hapa nilipo hata chakula hakipiti.

Kwaya yetu (usharika upo nje kidogo ya Morogoro mjini) ina vinanda viwili. Kimoja ni Yamaha PSR, kingine ni Casio CTK cha zamani, funguo 61, kile kinachokula betri sita nene za tochi. Leo mazoezini adapta ya Yamaha imechomekwa kwenye Casio. Tundu ni saizi ileile, ikaingia vizuri kabisa, hata haikucheza. Kikawa kimya. Taa hakuna, kioo hakuna. Baada ya muda tukagusa adapta, ya moto kama imetoka kwenye kikaango. Tukachomoa, tukaweka adapta yake halali. Wapi.

Chini ya kinanda pameandikwa DC 9V. Namba ya modeli imefutika. Adapta ya Yamaha imeandikwa 12V, 700mA. Nikinusa upande wa tundu kuna harufu ya kuungua.

Fundi wa kwanza amesema "bodi imekwenda hiyo, nunueni kingine", bila hata kugusa skrubu. Wa pili ametaja laki na ishirini ya kuanzia. Kesho tutasukuma ibada na Yamaha peke yake, ila Jumapili ya wiki ijayo tuna kwaya wageni na tunahitaji vyote viwili. Mita ninayo, ya kawaida ile ya njano. Kulehemu najua kidogo, nimewahi kuunga waya za maiki. Naombeni mwongozo.

KivuliChaMwembe · Jumamosi 21:58

Pole sana mkuu. Natandika mkeka hapa, nasubiri wajuzi.

Mchaga_wa_Pwani · Jumamosi 22:03

Volti 3 tu za ziada ndiyo ziue kinanda kizima? Mbona simu yangu naichaji na chaja yoyote ninayoikuta mezani? Hapo kuna jingine.

FundiWaya · Jumamosi 22:31

Mchaga, simu na chaja yake za siku hizi zinaongea kwanza kabla ya umeme kupanda. Kinanda cha zamani hakiongei na mtu, ukikipa kinapokea.

Lakini uko sahihi kwamba kuna jingine. MpigaNoti, pembeni ya tundu la umeme kwenye kinanda kuna kamchoro kadogo: nukta katikati, kipande cha duara kimeizunguka, na mistari miwili inayotoka kwenda kwenye alama ya + na −. Kwenye kibandiko cha adapta kuna mchoro kama huo. Niambie nukta imeungana na alama gani, kwenye kinanda na kwenye kila adapta.

MpigaNoti · Jumamosi 22:44

Nimewasha tochi ya simu.

Casio: nukta imeungana na −.
Adapta ya Casio: nukta na −.
Adapta ya Yamaha: nukta na +.

Duh.

FundiWaya · Jumamosi 23:10

Haya. Basi sahau kidogo hizo volti 3. Kinanda chako hakikuzidishiwa umeme, kilipewa umeme kinyumenyume. Casio nyingi za enzi hiyo zinataka hasi katikati ya plagi na chanya kwenye ganda la nje. Yamaha inataka chanya katikati. Ukiangalia kwa macho plagi ni mapacha, ndiyo maana hili kosa halikwepeki kwenye makanisa na kumbi zenye vinanda vya aina mbili. Nimeshaletewa wengi wa ugonjwa huu.

Sasa habari njema. Vinanda vingi vina dayodi moja ya ulinzi (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu), imelazwa kati ya njia ya chanya na njia ya hasi, jirani na tundu. Umeme ukija sawa, dayodi imefunga, kama haipo vile. Umeme ukija kinyume inafunguka, inaunganisha chanya na hasi pale pale mlangoni, adapta inapigwa shoti, na vitu vya ndani vinaona kama nusu volti au zaidi kidogo tu. Huo moto ulioushika kwenye adapta ndiyo hiyo shoti. Adapta yenyewe ni ya transfoma, ile nzito?

MpigaNoti · Jumamosi 23:14

Ndiyo, nzito kama jiwe la kusagia pilipili.

FundiWaya · Jumamosi 23:29

Vizuri. Hizo hazina nguvu nyingi. Mara nyingi kinachokufa ni dayodi peke yake, inakufa kwa kuungana moja kwa moja, na ndiyo maana hata ukiweka adapta halali kinanda hakiwaki: umeme wote unaishia kwenye dayodi. Ni kitu cha mia tano.

Usichomeke chochote tena. Toa betri kama zimo. Kesho baada ya ibada fungua sehemu ya chini, panga skrubu kwenye karatasi kwa mpangilio ulivyozitoa (ndefu na fupi hazifanani, ukiweka ndefu pasipo pake inatoboa juu). Tafuta bodi yenye tundu la umeme. Utaona kisilinda cheusi chenye mstari mweupe upande mmoja. Mita weka kwenye alama ya dayodi, gusa huku na huku, halafu geuza. Nzima itaonyesha kama 0.5 mpaka 0.7 upande mmoja, na upande wa pili haionyeshi kitu. Iliyokufa kwa shoti italia piii kote kote.

Bi_Mkunazini · Jumapili 06:52

Asalaam aleikum jamani. Mie napiga kinanda kwenye taarabu hapa Unguja, harusini. Siku moja adapta ilisahaulika nyumbani, bwana mmoja akaniletea ya king'amuzi. Nikamuuliza hii vipi, akanambia "ikiingia ndiyo yake". Sikuichomeka. Nilipiga kwa betri usiku mzima na bibi harusi hakujua lolote. Toka siku ile mkobani mwangu hazikosi betri sita.

Namuuliza fundi: hicho cha mwenzetu hakiwezi kujaribiwa na betri kwanza?

FundiWaya · Jumapili 07:40

Bi Mkunazini umegusa penyewe. Tundu la adapta kwenye hivi vinanda lina miguu mitatu, mmoja ni swichi: plagi ikiingia inasukuma kibati na kuzikata betri. Sasa inategemea dayodi imekaa upande gani wa hiyo swichi. Ikiwa imekaa kabla, kinanda kitawaka kwa betri kana kwamba hakuna kilichotokea, na hapo unajua tatizo liko mlangoni. Ikiwa baada, betri nazo zitaingia kwenye shoti na kupata moto. Kwa hiyo akijaribu, aweke betri, awashe sekunde mbili, azime, aguse betri. Zikiwa na joto atoe mara moja.

Buda_Luthuli · Jumapili 09:15

Poleni sana kutoka Nairobi. Mimi huuza spea pale Luthuli Avenue na hii kesi ya Casio na Yamaha huja kila mara, hasa Jumatatu, baada ya ibada 😄

Swali langu kwa fundi: ni kwa nini hawa watu wasikubaliane upande mmoja? Pedali za gitaa nazo ni hasi katikati.

FundiWaya · Jumapili 09:48

Buda, sababu moja ipo kwenye hicho kibati nilichosema. Ile swichi ya kukata betri kwa kawaida inafanya kazi upande wa ganda la nje la plagi. Ukiweka chanya nje, swichi inakata chanya ya betri na hasi inabaki imeungana na bodi muda wote, ambayo ndiyo njia mhandisi anaipenda. Kwenye pedali na vinanda vya betri mtindo huo ukaota mizizi. Vifaa vingine vikaja na chanya katikati, ukawa ndio mtindo wa wengi. Sisi tunaobeba vyombo vya aina mbili kwenye buti moja ndio tunaolipa.

Mzigo_wa_Yokohama · Jumapili 11:20

Samahani kuingilia uzi. Mimi nilinunua kinanda kikubwa kilichoshuka na kontena kutoka Japani, hakina adapta, waya wa umeme unaingia moja kwa moja. Nyuma kimeandikwa 100V 50/60Hz. Sikusoma. Nikakichomeka ukutani Mombasa, kikasema "tap", kimya. Nikafungua nikakuta fyuzi imekatika, nikaweka nyingine, "tap". Jamaa akaniambia nizungushie uzi wa shaba. Kikatoa moshi. Kuna matumaini?

Mchaga_wa_Pwani · Jumapili 11:24

Uzi wa shaba 😂😂😂

FundiWaya · Jumapili 12:05

Mzigo, fyuzi ilikufa mara mbili ikikuomba uache, wewe ukaizika na kuweka msumari.

Japani ukutani ni volti 100. Marekani 120. Huku kwetu 230 na Kenya 240. Kinanda cha volti 100 ukikipa 240 hujakizidishia kidogo, umekipa mara mbili na zaidi. Kama ndani kuna transfoma ya chuma, nyingi zina fyuzi ya joto iliyofichwa chini ya ule mkanda wa njano uliozungushiwa koili. Pima koili ya kuingizia umeme, chomoa waya ukutani kwanza. Ikionyesha imekatika kabisa, huenda ni hiyo fyuzi ya joto tu. Ila ulishasema moshi. Moshi wa transfoma maana yake koili zimeyeyuka varnishi na kugusana, hapo tafuta transfoma nyingine yenye volti zilezile za kutokea. Kama ndani ni pawa saplai ya swichi, angalia kapasita kubwa, kile kikopo kinachotunza umeme. Za mashine za volti 100 mara nyingi zimeandikwa 200V, na umeme wetu ukishageuzwa kuwa DC (umeme wa upande mmoja, kama wa betri) unapita 300. Lazima ivimbe au ipasuke.

Vyenye maandishi 100–240V havina shida popote. Fungua uzi wako tuendelee huko, hapa tumwachie mwenye msiba.

MpigaNoti · Jumapili 16:37

Nimerudi. Ibada zimeisha salama, Yamaha imebeba.

Nimefungua. Kwanza vumbi, pini za nywele, na shilingi mia ya sarafu ambayo sijui iliingiaje. Bodi ya umeme nimeiona, dayodi nimeiona, imeandikwa D1. Mita nimeweka kama ulivyosema. Hailii. Kote kote haionyeshi kitu. Nimegeuza, nimebadilisha nyaya za mita, hakuna. Nikaiangalia kwa karibu na tochi: ina ufa, kama punje ya mahindi iliyotaka kuwa bisi. Na njia ya shaba inayotoka pale imekuwa nyeusi kama sentimita mbili hivi.

Betri nimejaribu sekunde mbili. Kimya, na betri moja nimeihisi uvuguvugu.

FundiWaya · Jumapili 17:20

Subiri kwanza.

Adapta ya transfoma, miliampia 700, haipasui dayodi namna hiyo na haichomi njia ya shaba. Ingeiua kwa shoti, ingelia piii. Dayodi ya kupasuka na bodi kuwa nyeusi ni kazi ya kitu chenye ampia za kutosha.

Mkuu, mimi si mwenyekiti wa kwaya. Niambie ukweli: baada ya adapta ya Yamaha, kilichomekwa nini kingine?

KivuliChaMwembe · Jumapili 17:23

Nimekaa wima sasa.

MpigaNoti · Jumapili 18:02

Fundi, umenikamata.

Ilipogoma, mmoja wetu alisema adapta zote mbili "zimekosa nguvu". Tukachukua chaja ya laptopu ya katibu. 19V, 3.42A. Iliingia ikawa inachezacheza kidogo. Ikalia "pa", harufu ikatoka. Tukachomoa, tukafunga kifuniko, tukaomba, tukaenda nyumbani.

Na huyo mmoja wetu ni mimi. Ya Yamaha alichomeka kijana, hiyo ya laptopu nilichomeka mwenyewe.

Bi_Mkunazini · Jumapili 18:10

Lahaula. "Ikiingia ndiyo yake."

FundiWaya · Jumapili 19:05

Umefanya vizuri kusema, ningekupoteza wiki nzima.

Sasa picha imekamilika. Plagi ya laptopu za namna hiyo tundu lake ni pana kidogo kuliko kijiti cha kinanda, ndiyo maana ilicheza. Nayo ni chanya katikati, kwa hiyo kinyume vilevile. Kilichotokea ni hatua mbili. Adapta ya Yamaha iliiua D1 kwa shoti, na ikifa hivyo bado inalinda, ni mlinzi aliyekufa akiwa ameegemea mlango. Chaja ya laptopu ikaja na ampia tatu na ushee, ikampasua. Mlango ukabaki wazi, na kwa muda fulani bodi ikapokea volti 19 kinyumenyume.

Watuhumiwa ni watatu. Kwanza kapasita kubwa baada ya dayodi, hizo hazipendi kabisa umeme kinyume. Pili regyuleta, inayoshusha umeme na kuushikilia kwenye volti 5 za kulisha ubongo wa kinanda. Tatu aisii ya amplifaya (kile kidude cheusi chenye miguu mingi kinachokuza sauti ya spika), kwa sababu inakula umeme moja kwa moja bila kupitia regyuleta. Ninachoombea ni kwamba regyuleta imekufa kwa kuungana ndani, upande wa kuingilia na hasi, ikawakinga waliokuwa nyuma yake.

Toa D1. Angalia kapasita kubwa jirani, kichwa kiko bapa au kimetuna? Regyuleta ina miguu mitatu na mgongo wa chuma, maandishi yakikutazama: kushoto ni kuingilia, kati hasi, kulia kutokea. Soma namba yake. Pima kila mguu dhidi ya hasi.

MpigaNoti · Jumatatu 20:18

D1 imetoka, imekatika vipande viwili mkononi.
Kapasita kubwa imeandikwa 2200µF 16V. Kichwa kimetuna na chini kuna ute wa kahawia.
Regyuleta ni 7805. Kushoto na kati inalia piii. Kulia na kati hailii, inaonyesha namba inayopanda polepole.

FundiWaya · Jumatatu 20:40

Hiyo namba inayopanda ni kapasita za upande wa volti 5 zikijaa kutoka kwenye mita. Ni dalili nzuri, ubongo haujapigwa shoti. Nunua:

7805 moja. Kapasita 2200µF, chukua ya 25V, ukiiweka badala ya 16V haina ubaya mradi iingie kwa urefu. Dayodi 1N5404, hiyo inavumilia ampia 3, ya zamani pengine ilikuwa ya ampia 1. Mstari wa dayodi unaelekea chanya. Ukiugeuza utakuwa umetengeneza shoti kwa mkono wako. Njia iliyoungua usiiamini, kwangua mpaka uone shaba safi, lehemu kipande cha waya juu yake.

Pia nenda kwa fundi wa bodaboda, omba balbu ya indiketa, 12V 10W, na kishikio chake kama kipo.

Buda_Luthuli · Jumatatu 20:52

Hii ya balbu ndio naipenda. Mafundi wengi hapa huruka hiyo hatua halafu wanachoma spea mpya.

MpigaNoti · Jumatatu 20:55

Balbu ya bodaboda ya nini tena?

FundiWaya · Jumatatu 21:15

Utaiunga kwenye waya wa chanya unaotoka kwenye betri, umeme wote wa kinanda upite ndani ya balbu kwanza. Kama bado kuna shoti, balbu itawaka kwa nguvu na kula volti zote zenyewe, bodi haiungui. Kama hakuna shoti, itawaka hafifu au isiwake kabisa na kinanda kitaamka. Ni kama kumtanguliza mbuzi mtoni.

Tumia betri, usitumie adapta. Betri sita ni volti 9 na haziwezi kukukosea upande ukifuata alama.

MpigaNoti · Jumatano 21:33

Spea nimepata mjini, zote tatu hazikufika elfu tano. Balbu nimepewa bure baada ya kueleza kisa, jamaa amecheka mpaka akakaa chini.

Nimelehemu. Nimekagua mstari wa dayodi mara nne. Nimeweka betri, nimewasha.

Balbu imewaka kama bodaboda inakata kona. Kinanda kimya.

FundiWaya · Jumatano 21:50

Usikate tamaa, balbu imefanya kazi yake. Amebaki mtuhumiwa wa tatu. Tafuta aisii iliyofungwa kwenye bati la kupozea, karibu na waya za spika. Fuata njia inayoipelekea umeme wa volti 9. Kwenye bodi za namna hii mara nyingi kuna kipande cha waya mtupu kimeruka kutoka tundu hadi tundu. Inua mguu mmoja wa huo waya. Washa tena ukiwa na balbu ileile.

MpigaNoti · Jumatano 22:26

WAKUU

Nimeinua waya. Nimewasha. Balbu imefifia ikabaki kauzi kekundu tu. KIOO KIMEWAKA. Kimeandika jina la sauti ya kwanza, piano, namba zote zinaonekana. 7805 inatoa 4.98. Nimebonyeza kila kitufe, kinaitika kwenye kioo.

Sauti hakuna, naelewa amplifaya imekatwa. Nimechomeka hedfoni, kimya pia. Hedfoni si zina njia yake?

KivuliChaMwembe · Jumatano 22:28

Hongera sana! Nimemwamsha mke wangu kumwambia, hajanielewa.

FundiWaya · Alhamisi 06:35

Hongera. Kuhusu hedfoni: kwenye vinanda vingi vidogo tundu la hedfoni linalishwa na amplifaya ileile ya spika, sauti inapunguzwa tu kwa risista. Amplifaya ikifa, na hedfoni zinakwenda nayo.

Una njia mbili. Ya kwanza, soma namba ya aisii hiyo, mtafute Buda au mtu wa Kariakoo, ubadilishe. Zina miguu mingi, kuitoa bila kung'oa njia za bodi kunahitaji kifyonza risasi na mkono uliotulia. Ya pili inategemea swali: kanisani mnapiga kwa spika za kinanda chenyewe?

MpigaNoti · Alhamisi 07:02

Hapana, kinaenda kwenye mikisa. Spika zake hazisikiki hata safu ya pili.

FundiWaya · Alhamisi 07:30

Basi amplifaya huna haja nayo kwa Jumapili. Sauti inatoka kwenye ubongo ikiwa ndogo na safi, inakwenda kwenye miguu ya kuingilia ya hiyo aisii. Iibe pale. Tafuta namba ya aisii mtandaoni, mchoro wake utakuonyesha miguu ya kuingilia kushoto na kulia. Fuata njia inayokuja kwenye huo mguu, utakuta kapasita ndogo. Unga waya wako kabla ya hiyo kapasita, upande wa ubongo. Weka kapasita yako ya 10µF kwa kila upande ili umeme wa DC usipite kwenda kwenye mikisa. Tumia waya wa maiki, ule wenye wavu, wavu uende hasi. Toboa kitundu nyuma, funga soketi ya jeki kubwa.

Waya wa amplifaya uache umeinuliwa, ufunge na tepu usiguse kitu.

Buda_Luthuli · Alhamisi 08:11

MpigaNoti nitumie namba ya hiyo aisii. Nikiipata nitakutumia kwa basi. Hakuna haraka kwa vile mikisa ipo.

MpigaNoti · Jumamosi 19:40

Ripoti.

Kijana aliyechomeka adapta ya Yamaha ndiye aliyetoboa kitundu, ana mkono mzuri kuliko mimi. Kulehemu nimelehemu mimi. Mara ya kwanza kilikuwa kinanguruma, nikakuta wavu wa waya sijauunga upande wa kinanda. Nikaunga, ukimya. Nikabonyeza C ya katikati, spika za ukumbi zikajibu. Mazoezi leo tumepiga na vyote viwili, sauti ya pili ilikuwa inalalamika hawaisikii Casio, leo wameisikia mpaka wakaomba ipunguzwe.

Adapta: alto mmoja ametoa rangi ya kucha, nyekundu kwa Yamaha na ya fedha kwa Casio, tumepaka kwenye plagi na kuzunguka tundu. Nilipima ya Yamaha ikiwa haijachomekwa kwenye kinanda, mita ikasoma 16.4 wakati imeandikwa 12. Imeharibika?

Mchungaji ameuliza gharama. Nimemwambia elfu kumi na mbili pamoja na soketi. Ya laptopu sijamwambia.

FundiWaya · Jumamosi 20:05

Haijaharibika. Adapta za transfoma za zamani hazina cha kuzishikilia, zikiwa hazina mzigo zinapanda hivyo, ukiwasha kinanda inashuka kuelekea 12. Ila ilikaa kwenye shoti, kwa hiyo ikinguruma au ikipata moto kuliko zamani, iachishe kazi.

Bi_Mkunazini · Jumamosi 20:19

Na chaja ya katibu je, ni nzima?

MpigaNoti · Jumamosi 20:21

Nzima kabisa. Ndiyo ninayotumia kuandika hapa.

Mzigo_wa_Yokohama · Jumamosi 20:44

Hongereni. Sasa fundi, ile transfoma yangu nimeifungua mkanda…

FundiWaya · Jumamosi 20:46

Uzi wako, Mzigo. Uzi wako. Na usiwe wa shaba.